Watu Mia Tano Wasiotajwa Mtihanini

Mtihani una maswali 80 na dakika 60. Ili upite unahitaji asilimia 85, yaani maswali 68 sawa, na kwa hesabu hiyo kila swali lina sekunde 45: usome, uone mtego uliofichwa kwenye Kiingereza chake, ubonyeze, usonge. Ukianguka, unalipa upya. Unaitwa Professional Scrum Master, ngazi ya kwanza, na jambo moja zuri kuuhusu ni kwamba hakuna mahali unaulizwa kama ulimaliza chuo.

Mimi sikumaliza. Niliondoka mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi Ruiru, pande za Kimbo, nikiandikia watu kila aina ya kitu: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, miongozo ya kutumia programu. Kibarua kimoja cha kuandika miongozo kilinipeleka ndani ya timu ya programu kwa miezi minne. Kila asubuhi saa tatu kulikuwa na mkutano wa dakika 15 ambao sheria yake ni kwamba watu wasimame ili wasirefushe maneno. Tulikuwa kila mtu kwake, mbele ya kompyuta, kwa hivyo hakuna aliyejua nani amesimama na nani amelala. Ila lugha yao niliishika: sprinti ni wiki mbili za kazi iliyopimwa, bakilogi ni orodha ya vitu vinavyosubiri kufanywa, na mwishoni mwa sprinti unamwonyesha mteja kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo. Halafu nikagundua lugha hiyo ina cheti, na cheti kina bei: dola 200, kama shilingi 26,000. Bedsita yangu ni 8,500. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo siku hizi Jumamosi napanda mathree kwenda Thika, ambako wenzangu wawili wana chumba chenye waifai, na tunasoma hadi jioni. Mmoja anajiandaa kwa mtihani wa wapima programu, ule wa ISTQB: maswali 40, unatakiwa upate 26, dakika 60. Kama mtihani hauko katika lugha uliyozaliwa nayo, wanakuongeza dakika 15. Niliposikia hivyo niliwapenda ghafla watu wa ISTQB, ambao sijawahi kukutana na hata mmoja wao.

Kabla sijaingia kwenye historia, niseme neno kuhusu sisi na karatasi. Mkenya anaamini mtihani. KASNEB ilianzishwa mwaka 1969, na tangu hapo wazazi wetu na wajomba zetu wamekuwa wakitoka kazini saa kumi na moja, wanaingia darasa la jioni, wanatafuta CPA sehemu moja baada ya nyingine hadi nywele zinaanza kupotea. Sisi wa juzi tulipelekwa kusoma kompyuta baada ya Form Four, zile wanaita pakeji, kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, na mwishoni ukapewa cheti chenye maua pembeni. Tembea Thika mjini au hapa Ruiru karibu na steji uinue macho: ghorofa ya chini inauza simu, ya juu inauza mitihani. Kwa hivyo mtu asinione kama nimepotea. Ninafuata mila.

Sasa, historia. Kila kitabu cha maandalizi kina sura ya kwanza inayosema jinsi njia hii ya kazi ilivyozaliwa, na kwa kuwa imeandikwa kila mahali nitaikimbiza. Mwaka 1970 mhandisi Mmarekani, Winston Royce, alichora hatua za kutengeneza programu zikishuka moja baada ya nyingine kama maji kwenye maporomoko: kwanza mahitaji, kisha ramani, kisha kuandika, kisha kupima. Yeye mwenyewe alionya kwamba kufanya hivyo tu ni hatari. Watu walichukua mchoro wakaacha onyo. Mwaka 1986 wasomi wawili wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika jinsi makampuni kama Honda na Canon yalivyokuwa yakiunda bidhaa mpya kwa timu moja inayosonga pamoja, wakaifananisha na timu ya raga. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland, Wamarekani, wakasimama kwenye kongamano huko Austin, Texas, na kueleza mtindo waliouita Skramu, kwa jina la ule mbanano wa raga wachezaji wakiinamiana mabega. Na Februari 2001 watu 17, wote wanaume, wakakutana kwenye hoteli ya watelezaji theluji inayoitwa Snowbird, Utah, wakatoka na tamko fupi lenye mambo manne na kanuni 12. Wakaipa njia yao jina Ajaili, yaani wepesi wa kubadilika. Kiini chake, kwa maneno yangu: zungumza na watu, toa kitu kinachofanya kazi, kaa karibu na mteja, na mambo yakibadilika usishikilie mpango kama nguzo ya nyumba.

Sina ugomvi na historia hiyo. Ni ya kweli. Hata hapa njiani mathree ikipita Juja huwa nawaza kwamba chuo kile cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kufundisha mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kilijengwa katika miaka ileile Wajapani walipokuwa wanawafundisha Wamarekani jinsi ya kupanga kazi kiwandani. Lakini ukichora ramani ya sura ile ya kwanza, inapita Japani, Texas na Utah, halafu inatufikia sisi kama soko la vyeti. Na mimi nasoma sura hiyo nikiwa nimekaa Thika. Ndiyo maana nikaanza kuchimba.

Oktoba 2005 kitu kilianza Thika ambacho ningekifanya sura ya pili ya kila kitabu.

Kilianzia mbali kidogo. Nick Hughes, mfanyakazi wa Vodafone Uingereza, alikuwa ameomba pesa kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa ukitafuta makampuni yaliyo tayari kujaribu kupeleka huduma za kifedha kwa watu ambao benki haziwajali. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni moja na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Mwaka 2005 mwenzake, Susie Lonie, akatua Nairobi kuifanya kazi yenyewe. Wawili hao waliandika mwaka 2007 kilichotokea, bila kujipamba sana, na mengi ninayosema hapa kuhusu majaribio ni yale waliyoyaeleza.

Mpango haukuwa kutuma pesa. Hili ndilo watu wengi hawalijui. Mpango ulikuwa mikopo midogo. Faulu Kenya walikuwa wanakopesha watu kwa vikundi: mnakutana kila wiki, kila mmoja analeta rejesho lake mkononi, zinahesabiwa mbele ya wote, halafu mtu anazibeba hadi benki huku anaangalia nyuma. Asiyeleta, wenzake wanamlipia, kwa sababu mmedhaminiana. Kama mama yako au shangazi yako amewahi kuwa kwenye kikundi, unajua mikutano hiyo ilivyo: nusu hesabu, nusu habari za mtaa. Simu ilikuja kuokoa muda wa mikutano hiyo. Mkopo uingie kwenye simu, rejesho litoke kwenye simu. Safaricom walikuwa na laini na maduka yaliyokuwa yanauza kredo, Commercial Bank of Africa walishika pesa zenyewe, na programu iliandikwa na kampuni ya Cambridge, Uingereza, inayoitwa Sagentia.

Majaribio yalianza tarehe 11 Oktoba 2005. Maduka manane. Wateja hawakufika hata mia tano. Mahali: Thika, na Nairobi, ikiwemo Mathare.

Fikiria ukubwa huo. Watu mia tano hawajazi hata ukumbi wa kanisa kubwa hapa Ruiru. Na simu za wakati huo ni zile za vitufe; kwa wengi simu ilikuwa ya kupiga na kupokea basi, kwa hivyo menyu, nambari ya siri, ujumbe wa kuthibitisha, vyote vilihitaji kufundishwa mtu kwa mtu. Watu wa mradi walikaa na wateja wakiwaonyesha. Hakuna kanuni hata moja kati ya zile 12 inayosema ukae na mtu aliyeshika simu kama yai umwelekeze, lakini nadhani hiyo ndiyo iliyobeba zote.

Kisha watu wakaanza kuitumia vibaya. Nasema vibaya kwa maana ya mpango ulivyoandikwa.

Mwenye biashara alifunga duka jioni, benki imefungwa zamani, akaona kwamba wakala bado yuko wazi. Akaweka mauzo ya siku kwenye simu, akalala, asubuhi akayatoa. Kwake yeye ile haikuwa huduma ya mkopo, ilikuwa kabati la chuma. Wengine walikuwa wanasafiri kati ya sehemu zenye maduka ya majaribio. Waliweka pesa upande mmoja, wakapanda gari wakiwa mikono mitupu, wakazitoa upande wa pili saa chache baadaye. Hii njia ya Thika ya 2005 usiichanganye na unayoijua. Ujenzi wa ile supahaiwei ulianza 2009 na ikafunguliwa 2012. Kabla ya hapo ilikuwa foleni kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na mtu aliyebeba mauzo mfukoni alihesabu kila steji. Kuna aliyekuwa ananunua kredo kupitia simu yake na kumtumia ndugu mashambani, huko ndugu akaiuza, na kredo ikawa pesa. Kuna waliowalipia wengine rejesho la mkopo ili nao wafanyiwe kazi fulani. Biashara zikaanza kulipana. Na kuna mke mmoja ambaye mumewe aliibiwa akiwa mbali, akamtumia nauli ya kurudi nyumbani.

Hebu rudia hiyo ya mwisho. Hakuna mtu Uingereza aliyeandika kwenye karatasi ya mahitaji: mume ameibiwa, mke atume nauli. Iliandikwa na huyo mama, kwa vidole vyake, kwenye menyu iliyotengenezwa kwa ajili ya kitu kingine.

Upande wa mikopo mambo yalikuwa mazito. Hesabu za Faulu zilikuwa za mkono kwa sehemu kubwa, na kulinganisha kilicholipwa kwenye simu na kilichoandikwa kwenye vitabu vyao ilikuwa kazi juu ya kazi. Na kikundi chenyewe kilijengwa juu ya watu kuonana. Ukishalipa kwa simu ukiwa kwenye kibanda chako, unaenda mkutanoni kufanya nini? Na usipoenda, aliyekudhamini atajuaje hali yako?

Mwaka 2006 majaribio yalipokwisha, waliokuwa wanasimamia walikuwa na mpango uliolipiwa mamilioni na watu mia tano waliokuwa wamefanya kitu kingine. Wakafuata watu. Mikopo ikaondolewa. Huduma ikapunguzwa hadi jambo ambalo unaweza kumweleza mtu kwa sentensi moja, na tangazo la kwanza likasema kwa Kiingereza utume pesa nyumbani. M-PESA ilizinduliwa nchi nzima tarehe 6 Machi 2007. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja.

Kila chuo nchini kina toleo lake la hadithi ya mwanafunzi aliyebuni M-PESA kwenye mradi wake wa mwisho akaibiwa wazo. Nimeisikia mara nyingi, kila mara mwanafunzi ni wa chuo cha anayesimulia. Ninaelewa kwa nini tunaipenda: inatupa mtu mmoja wa kwetu, mwenye akili, aliyedhulumiwa. Lakini ukisoma kilichotokea Thika na Mathare unaona kwamba waliobadilisha kitu kile kutoka mradi wa mikopo kuwa hii tunayotumia kununua mandazi hawakuwa wanafunzi wa kompyuta. Walikuwa wakopaji wa Faulu. Na hakuna aliyewaibia wazo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni wazo, wao wenyewe wakiwa wa kwanza.

Siku moja tulipomaliza kusoma nilimuuliza mama mwenye duka la M-PESA kule Makongeni ninapotoa pesa za nauli kama anajua ilianzia hapa Thika. “Kijana wangu,” akaniambia, “M-PESA ilianzia Safaricom.” Nikamwambia kulikuwa na majaribio, 2005, maduka manane. Akanitazama kama ninayetaka kumkopa. “Mimi nilifungua 2010. Weka nambari ya siri, watu wanangoja.”

Sisemi kwamba timu ile ilifuata Skramu. Hawakuhitaji neno hilo. Ninachosema ni kwamba ukitaka kumwonyesha mtu maana ya kujaribu kwa udogo, kutazama, na kubadilika, Thika ni mfano bora kuliko Snowbird. Kule Utah watu 17 walikubaliana kuhusu maneno. Hapa maneno hayo yalilipiwa: mpango mzima, na pesa zake, ulikunjwa ukawekwa kando kwa sababu wateja walionyesha kingine.

Na ukitaka kuona kinyume chake, usiende mbali pia. Tarehe 4 Machi 2013 tulipiga kura kwa vifaa vipya vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Viliingia kazini nchi nzima siku moja. Betri zikaisha katika madarasa yasiyo na mahali pa kuchomeka waya, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mfumo wa kupeleka matokeo ukakwama nao. Na kwenye runinga kura zilizokataliwa zikawa zinapanda kwa namna ya kutisha, zikapita 300,000, hadi tume ikaeleza kwamba kosa kwenye programu lilikuwa linazizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Mwenzangu wa ISTQB anaipenda sana hadithi hii. Anasema yeye binafsi, kwa dakika zake 75, angelikamata kosa hilo. Mimi ninachoona ni kwamba mfumo ule haukupewa Thika yake: mahali padogo pa kukosea, wiki nyingi kabla, mbele ya watu wachache wenye subira.

Kwa hivyo nina sababu ya kuamini ninachosomea. Sina hakika tu kama mtihani unakiamini.

Mwongozo wa Skramu, toleo la Novemba 2020, una kurasa 13. Nimeusoma hadi nikaota nao. Maswali ya mazoezi yanazunguka humo humo: mkutano wa kila siku ni wa nani, sprinti inaweza kufutwa na nani, timu iwe na watu wangapi. Mengi ni ya kukariri. Ukikariri vizuri utapita, hata kama hujawahi kuketi na mteja aliyekasirika. Na pia usidhani kupita ni kazi. Septemba 2019 Andela ilitangaza kwamba vijana wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda huenda wakapoteza kazi. Wale walijua sprinti kunishinda mimi mara kumi. Soko lilikuwa limesema linataka wenye uzoefu mrefu.

Kuna swali moja la mazoezi linalorudi kwa sura nyingi. Nani ana mamlaka juu ya mpangilio wa bakilogi? Jibu sahihi ni mtu mmoja, anayeitwa mwenye bidhaa. Si kamati. Wengine wote, wakitaka kitu kibadilike, wamshawishi yeye. Nalijua jibu hilo hata ukiniamsha usiku.

Lakini jaribu kulipeleka Thika mwaka 2006. Wateja mia tano walishawishi bila kusema neno, kwa matendo, na wakasikilizwa. Hapo mwongozo unafurahi. Faulu nao walikuwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Pesa ya Waingereza iliombwa kwa jina la watu wa aina ya wateja wao, wakopaji wadogo, na bakilogi ilipopangwa upya mambo yao ndiyo yaliyoshuka hadi chini, kisha yakaondolewa. Kibiashara uamuzi ulikuwa sawa, na ningekuwa mimi ningeufanya vilevile. Ila tunapofundishwa kwamba kubadilika ni kuzuri, hatuulizwi nani alikuwa anategemea ule mpango wa zamani. Mama wa kikundi aliyefundishwa menyu kwa wiki kadhaa ili alipe mkopo wake kwa simu, siku majaribio yalipofungwa alirudi kubeba noti zake hadi mkutanoni. Hakuna sekunde 45 za swali hilo.

Nalisema hili nikiwa mtu ambaye kazi yangu yote ni ya vibarua. Mwezi wa nne kwenye ile timu, mteja wa kampuni alibadili mawazo, bakilogi ikapangwa upya kwenye mkutano wa dakika 15, na kitu kilichoshuka chini kilikuwa miongozo, yaani mimi. Hakuna aliyenikosea. Kila mtu alifuata kanuni. Niliagwa kwa ujumbe wenye alama ya mikono miwili iliyoshikana.

Faulu hawakufa, tena mwaka 2009 walikuwa wa kwanza nchini kupata leseni ya kupokea amana za watu kama taasisi ya mikopo midogo. Na lile jambo lililoondolewa 2006 nalo halikufa. Mkopo kwenye simu ulirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, na benki iliyouleta, pamoja na Safaricom, ni ileile iliyoshika pesa za majaribio ya Thika, Commercial Bank of Africa, ambayo tangu 2019 imeungana na NIC na kuitwa NCBA. Safari hii hakukuwa na kikundi. Hakuna mkutano wa wiki, hakuna kudhaminiana, hakuna shangazi wa kukuuliza mbona hujaleta. Ilipoanza ulikuwa unakopa kuanzia shilingi 100, unakatwa ada ya asilimia 7.5, unarudisha ndani ya siku 30, na usiporudisha jina lako lilikuwa linapelekwa kwa wanaoweka kumbukumbu za madeni. Ule mtihani wa kwanza wa kujua kama wewe ni mtu wa kukopeshwa, uliokuwa unafanywa na majirani kumi kwenye viti vya plastiki, siku hizi unafanywa na historia ya kredo unayonunua na pesa unazotuma.

Mmoja wa wale wawili tunaosoma nao ndiye aliyenieleza jinsi limiti inavyopanda: lipa mapema, weka akiba kidogo kidogo, usinyamaze miezi mingi. Anaongea kuihusu kwa makini yaleyale anayoongea kuhusu sprinti. Ada yake ya mtihani anataka kuilipa hivyo, vipande viwili, kimoja M-Shwari na kingine kutoka kwa chama cha mamake cha Kiganjo, ambacho bado kinakutana kila Jumapili baada ya kanisa, na pesa bado zinahesabiwa mezani, mbele ya wote.